Gongo inayowaka, mshubiri na Jiki: jibu kwa matroni wa Mafinga

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni matroni wa shule ya bweni hapa Mafinga, tuna wanafunzi 400 hivi. Vitakasa mikono vimeadimika madukani, na vilivyopo bei haishikiki. Mwalimu wa sayansi ametushauri tuchanganye spiriti ya duka la dawa na utomvu wa mshubiri nusu kwa nusu. Mpishi wetu anasema gongo kali inatosha, mradi ukiiwashia kiberiti iwake, na mzazi mmoja yuko tayari kutuletea dumu la lita 20. Kwa sasa tunamimina Jiki kwenye ndoo ya kunawia, kwa kukisia tu, na watoto wameanza kulalamika kuwa mikono inawasha na kupasuka. Je, tuko sawa? Na tukitaka kutengeneza wenyewe, vipimo ni vipi?"

Kamwene matroni, na pole na majukumu. Nianze na lisiloweza kusubiri: acheni leo hii kumimina Jiki kwenye ndoo ya kunawia. Dawa ile ya klorini ni ya nguo na sakafu. Ina ukali wa magadi unaokomba mafuta ya asili ya ngozi, na huko kwenu, ambako baridi ya Juni hadi Agosti inakausha mikono hata bila dawa, ngozi haichukui muda kupasuka. Mkono uliopasuka una hasara mbili. Nyufa zinahifadhi vijidudu kuliko ngozi nzima, halafu mtoto anayejua kwamba kunawa kunauma atatafuta kila njia ya kuikwepa ndoo. Hilo unalijua kuliko mimi.

Sisemi klorini haijawahi kutumika mikononi. Wakati wa mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi mwaka 2014, ndoo za maji ya klorini ya asilimia 0.05 zilitumika kunawia. Lakini hiyo ni asilimia 0.05 iliyopimwa. Kwa Jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 ni mililita 285 hivi ndani ya ndoo ya lita 20, basi. Anayekisia kwa kuinamisha chupa huzidisha mara mbili au tatu bila kujua, na kesho yake wa zamu nyingine anaweka robo ya kinachotakiwa. Kama shule ina sabuni, klorini mikononi haina kazi.

Sasa tupige hesabu kabla ya kuzungumzia mapishi, maana hesabu ndiyo inayoamua. Ili kitakasa mikono kifanye kazi, kila mtu anahitaji mililita 3 hivi kwa mara moja, yaani zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai. Mwanafunzi akijipaka mara 5 kwa siku ametumia mililita 15. Kwa wanafunzi 400 hizo ni lita 6 kila siku, lita 42 kwa wiki. Dumu la yule mzazi, hata lingekuwa na kitu sahihi ndani, lingekauka siku ya nne. Kwa hiyo usijaribu kutengeneza kitakasa cha shule nzima. Shule nzima inawe kwa maji tiririka na sabuni; kitakasa kitengenezwe kidogo, kipelekwe pale ambapo maji hayafiki.

Najua wengi wanaiona sabuni kama kitu cha wasio na uwezo, na chupa ya kupulizia kama ndiyo dawa hasa. Ni kinyume. Virusi vya mafua makali (influenza) na vya korona vimevikwa gamba la mafuta, na sabuni hulisambaratisha gamba hilo kama inavyosambaratisha mafuta ya sufuria. Vile vijidudu visivyo na gamba la mafuta, wakiwemo wengi wanaoleta kuhara, sabuni haiwaui wote, lakini inawang'oa kwenye ngozi na maji yanawaondoa. Kileo, kile kinachofanya kazi ndani ya kitakasa, hakiondoi kitu. Kinaua kinachoweza, kisha maiti na uchafu vinabaki pale pale kiganjani. Mtoto aliyetoka chooni, aliyetoka shambani au aliyemaliza kula ugali kwa mkono, kitakasa hakimfai: tope na mafuta vinakizuia kileo kufika kwenye ngozi. Huyo anawe, sekunde 20, asisahau vidole gumba na katikati ya vidole.

Kuhusu baridi: maji hayahitaji kuwa ya moto. Sabuni inang'oa vijidudu kwenye maji baridi vilevile. Mkiyapasha vuguvugu asubuhi ni kwa ajili ya watoto wasiyakimbie, na hiyo ni sababu nzuri ya kutosha.

Kama mabomba ni machache, tengenezeni vibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5 lenye mfuniko. Toboa tundu moja kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, upande wa mbele, sentimita 12 hivi chini ya mfuniko. Litundike kwa kupitisha mti kwenye mkono wake, juu ya nguzo mbili zenye panda. Funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyagia kilicholala chini. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanatoka kama uzi, ukiachia, linarudi. Maji yasijazwe kupita usawa wa tundu, la sivyo yatachirizika yenyewe mchana kutwa. Kosa la kawaida ni tundu kubwa: msumari wa inchi nne unamaliza dumu kabla darasa halijafika nusu. Sabuni ya kipande itundikwe ndani ya soksi kuukuu, juu yake kopo la kuzuia mvua. Au tumieni maji ya sabuni: gramu 15 hivi za sabuni ya unga kwenye chupa ya lita 1.5, tikisa, toboa mfuniko tundu dogo. Hiyo inakwenda mbali kuliko mche na haiibwi. Chini ya kila kibuyu mwageni kokoto, vinginevyo mtakuwa na tope la kutosha kufyatua matofali. Sabuni ikikatika kabisa, majivu safi na maji ni afadhali kuliko maji matupu, lakini yanakausha ngozi, na msiyategemee zaidi ya siku chache.

Tuje kwenye kileo chenyewe.

Mwalimu wa sayansi amelenga mti sahihi akakosa tunda. Kileo kinaua vijidudu kikiwa kati ya asilimia 60 na 80. Kikishuka chini ya hapo nguvu inaporomoka haraka, na ukipaka kilicho chini ya asilimia 50 ni kama umewalewesha tu. Spiriti ya duka la dawa kwa kawaida ni ya asilimia 70. Ukiichanganya nusu kwa nusu na mshubiri umepata asilimia 35, nguvu ya chupa ya Konyagi. Hata ungepata ethanoli, jina la kitaalamu la kileo hiki, ya asilimia 96, nusu kwa nusu inakupa 48. Ili lita moja ya mchanganyiko ibaki na asilimia 70, mililita 730 lazima ziwe ethanoli ya 96, na vitu vingine vyote kwa pamoja visizidi 270.

Wapo wanaokosea kwa upande wa pili, wakidhani kali zaidi ndiyo bora zaidi. Kileo kitupu cha asilimia 95 na kuendelea hufanya kazi vibaya kuliko cha 80. Kazi ya kileo ni kuharibu protini za kijidudu, na kazi hiyo inahitaji maji. Bila maji ya kutosha hutokea kama nyama iliyotupwa kwenye mafuta yanayofoka: nje inashika ganda, ndani inabaki mbichi. Tena kileo kitupu hupaa haraka mno, mkono unakauka kabla kazi haijaisha.

Mshubiri una shida nyingine. Utomvu uliokamuliwa jikoni una sukari na vijidudu hai vya shambani. Kwenye kileo kilichopungua nguvu unaweza kuoza, unajitenga, unakuwa na utelezi na harufu. Unene ule wa vitakasa vya dukani unatokana na unga maalumu wa kugandisha, na upo kwa ajili ya kupendeza na kuzuia kumwagika. Kitakasa chepesi kama maji kinaua sawasawa.

Kwa hiyo kama mnachoweza kupata ni spiriti ya asilimia 70, mapishi yenu ni mafupi kuliko yote: kwa kila lita ongezeni mililita 15 za gliserini, kile kimiminika kizito cha kulainisha ngozi, yaani kijiko kimoja cha chakula, tikiseni, mmemaliza. Mmeshuka hadi asilimia 69, mko salama. Msiongeze maji, marashi wala ndimu. Lakini someni lebo kwanza. Iandikwe ethanoli au isopropili, kileo kingine kinachofaa kwa mikono. Spiriti ya kuwashia majiko, ile inayotiwa rangi ya bluu au zambarau, mara nyingi imechanganywa na methanoli makusudi ili isinyweke, na methanoli ni sumu inayopofusha. Haipakwi watoto.

Gongo sasa. Mpishi wenu hadanganyi, kinachowaka kina kileo. Tatizo ni kwamba moto haujui kuhesabu. Kinachowaka juu ya kimiminika ni mvuke, na mvuke unategemea joto. Kileo cha asilimia 40 kinaanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka kwenye nyuzi joto 26 hivi. Chukua chupa moja ya gongo ya asilimia 40: mchana wa joto wa Kyela itawaka vizuri na mpishi atasema ni kali, asubuhi ya Mafinga yenye nyuzi 10 itakataa na atasema imechakachuliwa. Mara zote mbili ni asilimia 40 ile ile, na mara zote mbili haifai kwa mikono. Zaidi ya hapo, methanoli nayo inawaka, tena kwa mwali hafifu wa bluu usioonekana mchana. Kiberiti hakiwezi kukuambia ni kileo gani kipo kwenye dumu, wala kiasi gani.

Gongo haina lebo, kila mpiko una nguvu yake, na wapo wanaoiongezea spiriti za viwandani ili iwashe koo. Ni haramu kisheria, na shule ya bweni yenye lita 20 za gongo stoo ina tatizo jingine kabisa hata kabla mkuu wa shule hajajua. Ulanzi na komoni sitavizungumzia sana: nguvu yake iko daraja la bia, havifiki hata robo ya kinachohitajika.

Ikiwa mnaweza kupata ethanoli ya asilimia 96, kutoka kwa wauzaji wa kemikali za maabara au kwenye maabara ya shule yenyewe, hapo kuna kanuni ya Shirika la Afya Duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu kama zenu. Nimeipunguza iwe ya lita 5, ambayo kwa mililita 3 ni matumizi zaidi ya 1,600:

Ethanoli ya asilimia 96, mililita 4,167.
Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 208.
Gliserini ya asilimia 98, mililita 73.
Maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kufikia mstari wa lita 5.

Mkipata isopropili ya asilimia 99.8 badala ya ethanoli, wekeni mililita 3,758, mengine yanabaki vilevile. Chupa ya ethanoli ya maabara iangaliwe kwa jicho kali: ikiandikwa kwamba imetiwa methanoli, au lebo imefutika, iacheni huko huko maabara.

Peroksaidi ndiyo inayowakosesha watu. Madukani mara nyingi huandikwa kwa "vol" badala ya asilimia: vol 10 ni asilimia 3, vol 20 ni asilimia 6. Ukiwa na ya asilimia 6 weka nusu, mililita 104. Ya kupaka nywele iliyo kama krimu haifai. Kazi yake hapa si kuua vijidudu mikononi. Inaua vimbegu sugu vya bakteria vilivyojificha kwenye chupa na kwenye maji, ambavyo kileo peke yake hakiviwezi. Ndiyo maana mchanganyiko ukishawekwa kwenye chupa unakaa saa 72 kabla ya kutumika. Mkiikosa kabisa, nguvu ya kuua mikononi haipungui, ila safisheni chupa kwa maji yanayochemka kwa uangalifu zaidi.

Kuhusu kuchemsha: Mafinga iko juu, maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yaacheni yatokote dakika 3, yafunikwe, yapoe yenyewe.

Fanyeni hivi. Tafuteni dumu safi la plastiki lenye mstari wa lita 5. Kama halina, pimeni lita 5 za maji, wekeni alama ya kalamu isiyofutika, mwageni, kausheni kabisa. Mimina ethanoli. Ongeza peroksaidi. Kisha gliserini, na hapa baridi yenu inaingilia tena: gliserini ikipoa inakuwa nzito kama asali na nusu yake hubaki kwenye kikombe cha kupimia. Suuza kikombe kwa yale maji yaliyopoa, mara mbili, na suuzo hilo limwagwe humo humo ndani ya dumu. Sasa ongeza maji, lakini usipime maji pembeni ukayamimina yote. Kileo na maji vikikutana hunywea: nusu lita ya ethanoli na nusu lita ya maji hazikupi lita kamili, unapata pungufu kwa mililita 30 au 40. Tena mchanganyiko unapata joto kidogo. Ongeza maji hadi karibu na mstari, funga, tingisha taratibu, acha nusu saa ipoe, kisha malizia hadi kwenye mstari. Gawa haraka kwenye chupa ndogo za mililita 100 hadi 500 na ufunge, maana kila dakika dumu likiwa wazi kileo kinapaa.

Kama maabara ina kile kijiti cha kuelea cha kupimia kileo, tumieni, lakini kumbukeni vingi vimepimwa kwa nyuzi 20. Kimiminika cha nyuzi 10 ni kizito zaidi, na kijiti kitasoma pungufu kwa asilimia 3 hivi. Mtu asiyejua ataongeza ethanoli isiyohitajika. Pimeni kabla ya kutia gliserini, nayo pia hudanganya kijiti.

Kila chupa iandikwe: kilichomo, tarehe, "SI YA KUNYWA", "INASHIKA MOTO". Msitumie kamwe chupa za soda au za maji ya kunywa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kimiminika hiki hakina rangi, na bweni lina watoto wenye kiu usiku.

Na moto. Huko kwenu wakati wa baridi jiko la mkaa linaingizwa ndani, watu wanazunguka kuota. Mvuke wa kileo ni mzito kuliko hewa, hauendi juu. Unateremka, unatambaa sakafuni, na unalifikia jiko lililo hatua kadhaa kutoka kwenye dumu mnalomiminia. Kazi ya kuchanganya ifanyike mchana, madirisha wazi, bila jiko, mshumaa, sigara wala mtu anayechaji simu pembeni. Anayejipaka asogee motoni baada tu ya mikono kukauka kabisa. Akiba iwekwe kwenye kabati lenye kufuli, si jikoni, si chini ya kitanda cha matroni.

Mahali pa kuitumia hiyo akiba ningependekeza pawe pachache: chumba cha wagonjwa, getini kwa wageni, na mfukoni mwa mwalimu anayesafiri na wanafunzi. Mlangoni mwa bwalo wekeni vibuyu chirizi.

Jiki yenu sasa irudi kwenye kazi yake. Kanuni ni moja na inafaa kwa chupa yoyote: gawa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa asilimia unayoitaka, toa moja, jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya Jiki. Kwa sakafu, vitasa, meza na vyoo mnahitaji asilimia 0.1. Jiki ya 3.5 gawa kwa 0.1 ni 35, toa moja 34: sehemu moja kwa 34 za maji, au mililita 285 kwenye ndoo ya lita 10. Penye matapishi, damu au kinyesi panahitaji asilimia 0.5: sehemu moja kwa 6. Mkipata klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 31 kwa ndoo ya lita 20 inatoa ile 0.1, kwa 0.5 ni gramu 154. Unga huo upimwe kwa mizani, na anayeufungua asimamie upande upepo unakotoka.

Kupima sawasawa hakutasaidia kama sakafu ina tope. Klorini haichagui, inashambulia chochote cha asili ya mmea, mnyama au udongo, na ule udongo mwekundu wa viatu vya watoto utaimaliza kabla haijafika kwa kijidudu. Deki kwanza kwa maji ya sabuni, suuza, ndipo upake klorini na uiache ikiwa imelowa dakika 10. Kwenye baridi kali acha 15, kazi inakwenda polepole. Usitumie maji ya moto kuiharakisha, unaifukuza klorini iende hewani na kwenye mapafu ya anayedeki. Changanyeni ya siku hiyo tu. Ya jana imeshapungua nguvu. Vyuma vya vitanda vifutwe kwa maji safi baadaye, la sivyo vitapata kutu. Jiki ya kupimiwa kwenye chupa zisizo na lebo msiinunue, hamna namba ya kuingiza kwenye hesabu.

Msichanganye Jiki na kitu kingine chochote zaidi ya maji. Ikikutana na dawa ya choo yenye tindikali, siki au ndimu inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, ikiwemo ya mkojo uliolala kwenye mfereji wa choo cha wavulana, inatoa gesi nyingine inayochoma kifua. Choo hicho kimwagiwe maji mengi kwanza. Ikikutana na spiriti inatengeneza kemikali zenye sumu. Wapo wanaochanganya viwili "ili ipate nguvu", na kile kinachowatoa machozi wanakichukulia kama ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Wala msiwapulizie watoto klorini mwilini getini. Hakuna kinachouawa ndani ya mtu kwa kumlowesha nguo, na macho yanaumia.

Yako mambo ambayo hayatibiwi kwa ushauri wa kusoma. Dawa ikiingia jichoni, suuzeni kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20 kisha hospitali, hata kama mtoto anasema ameshapona. Aliyevuta gesi atolewe nje kwenye hewa. Akiendelea kukohoa au kubanwa kifua, apelekwe. Aliyekunywa kitakasa, spiriti au gongo asitapishwe. Apelekwe mara moja, na asisubiriwe mpaka aonekane mgonjwa: kwa mtoto kileo hushusha sukari mwilini, na methanoli inaweza kukaa saa 12 hadi 24 bila dalili ya kutisha, kisha mtoto aanze kuona ukungu, kupumua kwa nguvu na kulegea. Nendeni na chupa yenyewe, daktari atataka kuiona. Watoto ambao mikono imeshapasuka hadi kutoa damu au maji, waone mganga. Wengine wapake mafuta ya mgando usiku na itatosha.

Kama mna kemikali ambayo hamuelewi ni nini, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mbeya, na afisa afya wa halmashauri yenu anaweza kuwaunganisha nao. Na kikundi chochote kikianza kufikiria kuuza hicho mnachotengeneza, kisimame hapo kwanza kiulize TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kutengeneza kwa matumizi ya shule ni jambo moja, sokoni kuna vibali na vipimo vyake.

Yule mzazi wa dumu mshukuruni, kisha mwambieni fedha ileile inunue miche ya sabuni. Kila mche ukatwe vipande vidogo vinavyoingia kwenye soksi, na vikaushwe kivulini siku tatu kabla ya kutundikwa. Kipande kikavu hakiyeyuki haraka kama kibichi.